Kipimo cha damu kinachotabiri njiti: kinaona nini hasa, na mama akiambiwa yuko hatarini inakuwaje?

Mtu wa Maabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kuna habari inazunguka sana kwenye makundi ya wajawazito: kwamba siku hizi mama anatolewa damu kidogo mkononi, na mimba haijafika hata miezi mitano anaambiwa kama atajifungua kabla ya wakati. Kazi yangu ni maabara na suala hili nalifuatilia kwa miaka sasa. Nimeona niliweke hapa lote, kwa sababu habari yenyewe ni ya kweli kwa sehemu, na ile sehemu inayoachwa ndiyo inayomgusa mama mwenyewe. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Mtoto anahesabiwa kazaliwa kabla ya wakati akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Matatizo yanayotokana na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kuua watoto wa chini ya miaka mitano. Ila njiti hawalingani. Wa wiki 35 mara nyingi anahitaji joto, maziwa na jicho la karibu. Wa wiki 26 mapafu hayajaiva, mishipa ya damu ya ubongo ni myororo mno, na utumbo hauko tayari kupokea chakula. Kwa hiyo kipimo kinachosema "una hatari ya kupata njiti" bila kusema njiti wa wiki ngapi kimekuacha katikati ya safari.

Sababu nazo haziko sawa. Karibu theluthi mbili ya njiti wanakuja kwa uchungu ulioanza wenyewe au chupa iliyopasuka mapema. Theluthi iliyobaki ni madaktari wanaoamua kumtoa mtoto, kwa mfano presha ya mimba imepanda, au kondo la nyuma limeshindwa kumlisha. Hata huo uchungu unaoanza wenyewe una vyanzo vingi: maambukizi yaliyopanda hadi kwenye mji wa mimba, shingo ya kizazi kuwa fupi, mapacha, kondo kuvuja damu. Mara nyingi chanzo hakionekani kabisa. Shikeni hilo, maana ndilo linalofanya kipimo kimoja cha kuona yote kiwe kigumu kupatikana.

Sasa, kwa nini damu ya mama?

Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kuwa DNA ya mtoto aliye tumboni inaelea ndani ya damu ya mama. Hapo ndipo vilipozaliwa vipimo vya damu vya kuangalia kama mtoto ana kromosomu za ziada. Lakini DNA haibadiliki. Ya wiki ya 12 ndiyo ya wiki ya 30. Ukitaka kujua mwili unafanya nini leo, unatafuta RNA, yaani ujumbe unaotumwa na jeni zinapofanya kazi. RNA inaonyesha kondo linazalisha nini wiki hii, ini la mtoto limefikia wapi, na mwili wa mama unaitikia vipi.

Stephen Quake wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye binti yake mwenyewe alizaliwa karibu mwezi mmoja kabla ya wakati, aliongoza pamoja na Mads Melbye, mtafiti wa Denmark, utafiti uliochapishwa 2018 kwenye jarida la Science. Walianza na wanawake 31 wa Denmark waliokuwa wakitoa damu kila wiki hadi kujifungua. RNA za jeni tisa za kondo ziliweza kukisia umri wa mimba kwa kiwango kinachokaribiana na cha ultrasaundi. Kisha wakachukua damu za wanawake 38 wa Marekani waliokuwa tayari kwenye hatari, na humo wakapata jeni saba zilizobadilika kwa wale waliojifungua mapema, hadi miezi miwili kabla ya siku yenyewe. Usahihi ulikuwa kati ya 75% na 80%. La kuvutia ni kwamba jeni hizo saba nyingi zilionekana kutoka kwa mama, si kwa mtoto wala kwenye kondo.

Matokeo mazuri. Lakini rudieni namba: wanawake 38, na waliojifungua mapema kati yao ni 13. Tena wote walikuwa wameshajulikana kuwa na hatari. Huo ni mwanzo wa kazi. Waliolitangaza kama jambo lililokamilika waliwatangulia watafiti wenyewe.

Kuna kitu kingine ambacho mtu wa maabara anakiona haraka. Moja ya zile jeni saba, PPBP, ni ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Ukichelewa kutenganisha damu, au ukiizungusha kwenye mashine mara moja tu badala ya mara mbili, chembe sahani zinabaki kwenye plazma (yale maji ya damu) na kumwaga RNA zao humo. Bomba lililokaa mezani saa nne na lililoshughulikiwa ndani ya saa moja yanaweza kutoa majibu tofauti kwa mama yule yule. Tunazungusha kwanza polepole ili chembe zishuke chini, tunanyonya plazma ya juu bila kugusa ule utando mweupe wa katikati, halafu tunazungusha tena kwa kasi. Ncha ya pipeti ikigusa utando huo tu, sampuli imeharibika, na kwa macho huwezi kugundua. Kipimo cha namna hii kikipelekwa mahali ambapo damu inasafiri nusu siku kabla ya kufika maabara, lazima kije na mabomba maalumu ya kuhifadhi RNA, la sivyo tutakuwa tunapima safari ya bomba, si mimba.

Njia ya pili ni protini, nazo ni imara kuliko RNA. Kampuni ya Sera Prognostics ya Marekani ina kipimo kiitwacho PreTRM kinacholinganisha protini mbili, IBP4 na SHBG, kwa mama mwenye mimba ya mtoto mmoja, kuanzia wiki ya 18 hadi mwisho wa wiki ya 20. Utafiti uliokizaa ulichapishwa 2016 ukiwa umekusanya wanawake zaidi ya 5,000, ingawa sehemu ya mwisho ya kukihakiki ilitumia wachache sana. Kilikamata 75% ya waliokuja kujifungua mapema, na kiliwapa majibu salama 74% ya waliofikisha muda.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Chukua wajawazito 1,000, na tuseme 100 kati yao watajifungua mapema. Kipimo kitawakamata 75 na kuwakosa 25. Waliobaki 900, asilimia 26 watapewa jibu la hatari kimakosa, nao ni 234. Jumla ya walioambiwa "uko hatarini" ni 309, na watakaojifungua mapema kweli ni 75. Yaani katika kila wanawake wanne walioambiwa habari hiyo, watatu watafikisha muda wao. Hatari ya mama huyo imepanda kutoka 10% kwenda kama 24%. Si uongo, lakini si unabii. Na yule aliyeambiwa yuko salama, hatari yake imeshuka hadi chini kidogo ya 4%. Haijafika sifuri.

Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza kwa kipimo chochote cha namna hii si "usahihi wake ni asilimia ngapi". Nauliza: hawa 309 watafanyiwa nini kesho asubuhi, na hicho watakachofanyiwa kitawadhuru vipi wale 234?

Naomba michango, hasa ya wakunga na akina mama waliopitia.

---

Mama wa Njiti

Asante sana kaka kwa kutuelezea taratibu. Mimi wa kwanza nilimpata wiki ya 30. Chupa ilipasuka usiku, sikuwa na dalili hata moja kabla. Alikaa wodini muda mrefu, sasa ni mzima na anasoma. Ninaposoma hizo hesabu zako najiuliza, ningeambiwa kwenye mwezi wa tano kwamba niko hatarini, si ningeishi kwa hofu miezi yote iliyobaki? Lakini upande wa pili nao unaniuma, kwamba labda ningejua mapema mwanangu asingeteseka vile. Sasa natafuta wa pili. Kipimo hiki kingenifaa?

---

Mtu wa Maabara

Dada, pole na hongera kwa huyo mtoto.

Kwako wewe historia yako tayari imesema kuliko jibu la maabara. Aliyewahi kujifungua mapema mwenyewe bila kuanzishiwa uchungu ana hatari kubwa zaidi ya kurudia kuliko mwenzake, na hilo linajulikana bila kutoa tone la damu. Vipimo hivi vya protini na RNA vinatafutwa zaidi kwa ajili ya mama mwenye mimba ya kwanza, au ambaye hana historia yoyote, kwa sababu njiti wengi wanazaliwa na wanawake wa aina hiyo, na kwao hakuna historia ya kutupa tahadhari.

Kwa mimba ijayo, mwambie daktari wako mapema kabisa kwamba uliwahi kujifungua wiki ya 30 baada ya chupa kupasuka. Kilicho na ushahidi mzuri kwa hali yako ni kupimwa urefu wa shingo ya kizazi kwa ultrasaundi ya ukeni, kuanzia kama wiki ya 16 hadi ya 24. Ikikutwa milimita 25 au chini, kuna la kufanya: projesteroni (homoni inayosaidia kutunza mimba) ya kuweka ukeni kila usiku, na kwa mwenye historia kama yako kushonwa shingo ya kizazi nako ni jambo la kujadiliwa na daktari. Utafiti mmoja wa 2011 kwa wanawake wenye shingo ya milimita 10 hadi 20 ulionyesha projesteroni hiyo ilipunguza kujifungua kabla ya wiki 33 kwa 45%. Hiki ni kipimo chenye dawa nyuma yake, ndiyo maana nakitanguliza.

Kuhusu hofu, hukukosea kuitaja. Mimi naihesabu kuwa madhara ya kipimo kama madhara mengine. Wale 234 katika mfano wangu watakuwa nayo wote.

---

Mdadisi

Mkuu, kuna ile sindano ya projesteroni ya kila wiki, dada yangu alichomwa miaka ya nyuma. Hiyo nayo si ni ya kuzuia njiti? Mbona hujaitaja?

---

Mtu wa Maabara

Nimeiacha makusudi. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, kwa kutegemea hasa utafiti mmoja wa 2003, kwa sharti kwamba ufanyike mwingine wa kuthibitisha. Ulipofanyika, wanawake waliochomwa dawa hiyo na waliochomwa sindano isiyo na dawa walitoka sawa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya huko ikafuta kibali. Kwa miaka kumi na ushee wanawake walikuwa wanachomwa kila wiki dawa ambayo haikuonekana kuwasaidia. Msichanganye na ile ya kuweka ukeni kwa mwenye shingo fupi, ni vitu viwili tofauti.

---

Mkunga Mkongwe

Ndugu mwanzisha uzi, umeeleza vizuri, ila niongeze la kwetu sisi wa wodini, maana watu wa maabara huwa mnaanzia wiki ya 18 kana kwamba wiki hiyo inajulikana.

Mama anakuja, namuuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Anakumbuka mwezi, siku haikumbuki. Au alikuwa ananyonyesha, hedhi haijarudi sawasawa. Napima tumbo kwa utepe, utepe unasema wiki 28, karatasi inasema 32. Nani mkweli? Inawezekana mtoto ni wa wiki 32 lakini amedumaa tumboni, au mama kakosea mwezi. Sasa huyo ukimpima hizo protini zako ukidhani yuko wiki ya 19, na kumbe yuko ya 23, jibu lako lina maana gani?

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Ya mapema ndiyo inayotaja umri wa mimba vizuri. Ya mwezi wa nane inaweza kukosea wiki tatu nzima, kwa sababu kufikia hapo watoto wanatofautiana ukubwa. Ningeambiwa nichague kimoja, ultrasaundi ya mapema kwa kila mama au kipimo kipya cha damu, ningechagua ultrasaundi bila kusita.

Na mama akija na maumivu ya tumbo wiki ya 29, kuna kile kipimo cha pamba cha kutafuta protini iitwayo fibronektini ya mtoto, kinachochukuliwa ukeni. Kikitoka hakina kitu, uwezekano wa kujifungua ndani ya siku saba ni chini ya mmoja kwa mia. Hapo unamwondolea mama rufaa ya bure na sindano zisizo na sababu. Kikitoka kina kitu, hakituambii sana, kwa sababu wengi wao nao hawajifungui wiki hiyo. Kazi yake kubwa ni kutuliza, na kutuliza nako ni kazi.

---

Mtu wa Maabara

Mkunga, shikamoo. Hilo la umri wa mimba ulivyolisema nalichukua lote, na lina mfano mkubwa ambao kila anayeshabikia utabiri anapaswa kuujua.

Miaka ya mwisho ya 1960, Graham Liggins wa New Zealand aliona wanakondoo waliozaliwa mapema mno, ambao hawakutakiwa kuweza kupumua, wakipumua baada ya kupewa homoni za steroidi wakiwa tumboni. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo kwa wanawake, na hiyo ndiyo asili ya sindano ya kukomaza mapafu tunayoitumia hadi leo.

Baadaye wataalamu wakasema, basi dawa hii ifike mpaka kwenye zahanati. Utafiti uitwao ACT, uliotolewa 2015, ulifanyika katika nchi sita: Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Wahudumu walifundishwa kumtambua mama anayeelekea kujifungua mapema na kumchoma sindano. Nia njema, dawa sahihi. Lakini vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana havikupungua, na vifo vya vichanga kwa ujumla vikaongezeka, na akina mama walioshukiwa kuwa na maambukizi nao wakaongezeka. Wengi wa waliochomwa hawakuzaa watoto wa uzito mdogo hivyo.

Kisha Shirika la Afya Duniani likafanya ACTION, Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, matokeo yakatoka 2020. Safari hii ilikuwa hospitalini, umri wa mimba umethibitishwa kwa ultrasaundi, wiki ya 26 hadi kabla ya 34, na vichanga wana huduma za kuwapokea. Vifo vya vichanga vilikuwa 19.6% kwa waliopata deksamethasoni, moja ya steroidi hizo, na 23.5% kwa ambao hawakupata. Sindano za familia moja. Kilichobadilika ni kumjua vizuri anayechomwa, na kilichokuwepo cha kumpokea mtoto.

Ndiyo sababu silioni jibu la uongo la "uko hatarini" kama usumbufu tu wa kisaikolojia. Linaweza kumfikishia mtoto mwenye afya dawa ambayo haikuwa yake.

---

Mpenda Takwimu

Nimefuatilia mjadala kimya, naomba kupinga kidogo.

Mwanzisha uzi unasisitiza wale 234 wa kimakosa. Sawa. Ila kama tiba yenyewe ni nyepesi na salama, makosa hayo yana uzito gani? Chukua aspirini ya dozi ndogo. Utafiti wa 2020 katika nchi sita zikiwemo Kongo, Zambia na Kenya, ulichukua karibu wanawake 12,000 ambao hawajawahi kuzaa, ukawapa miligramu 81 kila siku tangu kabla ya wiki 14. Njiti walikuwa 11.6% kwa waliomeza aspirini na 13.1% kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa. Hawakupimwa damu ya kutabiri chochote. Kama ni hivyo, kwa nini tusiwape wote wenye sifa na kuachana na gharama ya kupima? Na kama tunapima, wale 234 wakimeza aspirini kuna ubaya gani?

Halafu hujataja PRIME, ule utafiti wa kukijaribu kipimo cha PreTRM.

---

Mtu wa Maabara

Mkuu, hoja yako ni nzito na sehemu yake kubwa nakubaliana nayo. Uzito wa kosa unategemea kinachofuata. Kosa linaloishia kwenye kidonge kidogo na simu ya muuguzi si sawa na linaloishia kwenye kulazwa, kushonwa au kuzalishwa mapema. Ndiyo maana swali langu lilikuwa watafanyiwa nini kesho asubuhi.

PRIME nilikuwa nakuja nao. Ulifanyika Marekani kwa wanawake zaidi ya 5,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja walipimwa kwa PreTRM, na waliokutwa hatarini wakapewa projesteroni ya ukeni, aspirini ya dozi ndogo, na muuguzi wa kuwafuatilia kila wiki. Kundi jingine liliendelea na kliniki ya kawaida. Matokeo yaliyotangazwa 2025 yalionyesha watoto wa kundi lililopimwa walilazwa wodi ya vichanga mahututi kwa uchache zaidi, pungufu ya karibu 20%. Hilo ni jambo la kufurahia, na nalifurahia. Ni mara chache sana kipimo cha kutabiri njiti kufikishwa hatua ya kuulizwa kama watoto wamenufaika, badala ya kama mstari kwenye grafu umependeza.

Ila waliodhamini ni wenye kipimo wenyewe, na tiba zilitolewa tatu kwa pamoja. Hatuwezi kutenganisha ni aspirini iliyofanya kazi, ni projesteroni, au ni ile simu ya kila wiki inayomfanya mama atamke dalili mapema. Kwa hiyo swali lako la "tuwape wote aspirini" linabaki hai kabisa, na utafiti ninaoutamani ni huo: kundi la kupimwa kwanza dhidi ya kundi la kupewa wote.

Jambo jingine dogo: aspirini ile ilianza kabla ya wiki 14. Kipimo hiki kinasoma wiki ya 18 hadi 20. Ukisubiri jibu ndipo uanze, umeshapitwa na dirisha lake zuri zaidi.

---

Mkunga Mkongwe

Simu ya kila wiki msiidharau. Mama anayeulizwa kila Jumatatu "kuna maji yanatoka? tumbo linakaza?" anafika hospitali saa kadhaa mapema kuliko yule asiyeulizwa. Saa hizo ndizo za kumchoma sindano ya mapafu na kumpandisha gari kwenda kwenye wodi yenye oksijeni.

---

Mume Mwenye Wasiwasi

Habari za humu. Naandika kwa sababu limetukuta. Mke wangu ana wiki 21, mimba ya kwanza, amefanya kipimo kama hiki mlichokitaja na majibu yamesema hatari iko juu. Tangu jana halali. Mama yangu amesema alale kitandani asinyanyuke mpaka ajifungue. Naombeni mwongozo, nifanye nini?

---

Mtu wa Maabara

Pole ndugu yangu. Mwambie mkeo kwanza hizo namba nilizoandika juu: wengi wa wanaopata jibu kama lake wanafikisha muda. Msomee kabisa, mkiwa mmekaa pamoja.

Mama mheshimuni, nia yake ni njema, lakini kulala kitandani mfululizo hakujaonyesha kuzuia mtoto kuzaliwa mapema, na kuna hatari ya damu kuganda miguuni. Aendelee na maisha yake ya kawaida isipokuwa daktari amemkataza jambo mahususi.

Bado ana wiki tatu za kupimwa urefu wa shingo ya kizazi ukiwa na maana. Ombeni hilo wiki hii. Ikiwa ndefu, hiyo ni taarifa ya kutuliza yenye uzito mkubwa. Ikiwa fupi, projesteroni ipo. Ulizeni pia kuhusu presha, mkojo uangaliwe kama una maambukizi au protini, na muulize daktari kama aspirini inamfaa yeye. Asianze dawa yoyote kwa kusoma uzi.

Halafu jueni mapema ni hospitali gani mtakwenda usiku wa dharura. Swali la kuuliza ni kama wana wodi ya vichanga, mashine ya kumsaidia mtoto kupumua kwa hewa ya msukumo, na kama wanaanza matunzo ya kangaroo mara tu mtoto anapozaliwa. Utafiti wa 2021 katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kuwa kumweka mtoto mdogo kifuani mara moja, bila kusubiri atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa 25%.

---

Mkunga Mkongwe

Mwanangu, na mimi nikuongezee. Maji yakitoka, hata kidogo na hata kama hayana harufu, njooni. Damu, njooni. Tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, au mgongo wa chini ukiuma kwa kuja na kuondoka, msisubiri asubuhi. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso kuvimba, hayo ni ya presha, njooni pia. Mtoto akipunguza kucheza, njooni. Na siku hiyo mkija, beba ile karatasi ya ultrasaundi ya kwanza kabisa, si ya juzi.

---

Mume Mwenye Wasiwasi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Karatasi ya kwanza tunayo, ilikuwa ya wiki ya 11. Kesho saa mbili tunakwenda kuomba hicho kipimo cha shingo. Nitaleta mrejesho hapa hapa.